Malalamiko Kuhusu Barua Iliyotumwa kwa Mtu Asiyekuwepo

Ndugu Mkurugenzi wa Kliniki,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na chai yako ikiwa bado ya moto. Mimi ni Beverley Ackroyd, mwanamke wa miaka sitini na moja, dereva mstaafu wa basi hapa mjini Hull. Mlinitibu zamani, wakati mlipokuwa bado mnatibu watu. Kila Jumanne hukaa chumba cha nyuma cha maktaba kuwaelekeza wenzangu wanaobadili jinsia: pima damu kabla ya kuanza homoni na baada yake, usinunue dawa kwa mtu usiyemjua, acha sigara mapema kabla ya upasuaji, tunza nakala ya kila karatasi. Kwa heshima zote, ninalalamika kama ifuatavyo.

1. Mwezi uliopita mliniandikia niache, kwa kuwa wagonjwa "wanafika na maswali mengi mno". Naomba radhi. Sikujua kwamba mnapenda wanaofika bila maswali. Kusema kweli, sikujua kwamba kuna wanaofika.

2. Gethin Prosser, mwoka mikate, amesubiri upasuaji wa kifua, wa kuondoa matiti, miaka sita. Hufanya kazi mbele ya tanuri akiwa amejifunga kifua kwa kitambaa cha kubana, mpaka mbavu zinamuuma. Mlimtaka kwanza abadilishe jina kisheria. Akabadilisha, akawaletea hati, mkaigonga muhuri. Kisha barua ya tarehe ya upasuaji mkaituma kwa jina la zamani. Mwenye nyumba wake, Bi Hesketh, mama mwaminifu, akaandika juu ya bahasha "Hapa hakuna mtu huyu", akairudisha posta. Nanyi mkamfuta Gethin kwenye orodha kwa kosa la kutojibu.

3. Nilimsindikiza kwenu. Mpokezi alitazama kompyuta, akasema, "Huyu dada hakujibu barua yetu."

Gethin, ambaye ana ndevu nyingi kuliko nilizowahi kuwa nazo mimi, akamwambia, "Huyo dada ndiye mimi."

"Sasa mbona hukujibu?"

"Hamkuniandikia."

"Tumekuandikia. Barua yenyewe hii hapa, imerudi."

Akamshauri aombe upya, yaani arudi mwisho wa foleni. Tukatembea mpaka stesheni. Hapo Gethin akaniambia, "Bev, sina miaka sita mingine ya kuishi hivi." Nimeendesha basi miaka thelathini, nimetukanwa na walevi wa kila aina, na sijawahi kukosa jibu. Jibu la siku ile ni barua hii.

4. Kwa hiyo napendekeza mfunge kliniki, mbaki na orodha ya kusubiri. Hiyo ndiyo inayofanya kazi kwenu. Inakua yenyewe, haihitaji hata daktari. Ila watu waruhusiwe kurithisha nafasi zao. Tumeshaanza kuandika wosia pale maktaba. Cuthbert, mwenye miaka sabini na tatu, amemwachia mpwa wake. Mpwa hana haja nayo, lakini kwa mwendo wenu huenda akapata mjukuu mwenye haja.

5. Jengo likishabaki tupu, mkabidhini Bi Hesketh. Katika mkasa huu wote, ndiye mtu pekee aliyesoma jina lililoandikwa kwenye bahasha.

Wasalimie wakuu wa idara zote, makatibu wao, na mpokezi wenu. Mwambie simchukii, alichosoma kwenye kompyuta kiliandikwa na mwingine.

Wako ninayezidi kuzeeka kwenye foleni za wenzangu,
Beverley Ackroyd

Tanbihi: Nikiwa natafuta stempu, Gethin amenipigia simu. Muuguzi wenu mmoja, Philippa Dunmore, alitumia saa yake ya chakula kupekua barua zilizorudi, akaikuta ile ya Gethin, akampigia, na akamwita kwa jina hilo tangu neno la kwanza. Amemrudisha kwenye orodha, na upasuaji ni Alhamisi ijayo. Amelia mpaka akaunguza mikate. Basi naomba msifunge kabla ya Alhamisi. Ijumaa pia msifunge, maana Jumanne nina watu kumi na mmoja, nao nitawaleta kwa huyo Philippa, pamoja na maswali yao.