Mlango wa Mnara Umenishika Mkono

Leo nimeaibika. Si kidogo. Nimeaibika mchana kweupe, chini ya mnara wa taa, kijiji kizima kikitazama, na aliyekuwa karibu nami kuliko wote ni babake Zuhura.

Kwa wasiojua, Zuhura ndiye ninayetaka kumwoa. Anashona nguo hapo Umoja, Nairobi, lakini kwao ni pwani, kijiji kimejificha mwisho kabisa wa barabara ya mchanga. Ufuo mweupe, nyumba chache, na huo mnara. Babake ndiye mtunzaji. Aliposikia kwamba kazi yangu ni kuunda mageti, akasema mlango wa mnara umeliwa na chumvi, na kama kweli mimi ni fundi, nije na mpya. Mambo ya posa tutayaongea mlango ukishasimama.

Wasee, niliunda mlango! Wiki mbili kibandani kwangu, mtaa wa Mowlem. Chuma kizito, rangi ya kuzuia kutu, halafu bluu mara tatu. Na kwa vile mimi ni mtoto wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, nikauwekea tundu la mkono kama mageti yetu yote. Kufuli linakaa ndani, unapitisha mkono, unalifunga kwa kupapasa. Mwizi haoni pa kukata. Tundu nililipima kwa mkono wangu mwenyewe, likanitosha barabara. (Shikeni hapo.)

Asubuhi nimeupachika kwa bolti, maana huku hakuna stima ya kuchomelea, ni sola tu. Umekaa wima, haulii, hautikisiki. Nikaenda kuoga, nikavaa shati jeupe na saa kubwa ya chuma. Saa ni ya Kamau, jirani yangu wa ploti, nimeiazima ili nionekane mtu. Mzee aliisifu tangu jana, nami nikamwambia nilijinunulia. (Ndiyo, nilidanganya. Endeleeni kusoma.)

Baada ya swala ya adhuhuri watu wakaja kuuona. Mzee akauzunguka, akaugonga kwa kidole, akauliza kufuli liko wapi. Hapo ndipo kichwa kilipovimba. Nikawaambia wasogee, niwaonyeshe jinsi watu wa Nairobi wanavyofunga milango.

Nikachukua funguo, zote mbili kwenye pete moja, nikapitisha mkono. Saa ikagonga chuma. Fundi mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikasukuma, ikapita. Nikapapasa, nikabana kufuli, likalia vizuri kabisa. Watu wakasema mashallah. Nikavuta mkono.

Mkono ukakataa.

Nikavuta tena, huku nikitabasamu. Saa imejilaza kwa ndani, imekwama kwenye kingo za tundu. Nikageuza kiwiko hivi, nikageuza vile, na katika kuhangaika funguo zikaniponyoka. Nikazisikia zikianguka sakafuni, upande wa pili wa mlango bora kuliko yote niliyowahi kuunda.

Mama mmoja akaleta mafuta ya nazi. Wakanipaka hadi kwapani. Shati jeupe likawa la mpishi wa chapati. Mwingine akauliza kama chuma hakiwezi kupindwa, wakaja na mtaimbo. Na hapa nitasema ukweli: niliwakataza. Mkono wangu umo ndani, mchumba ananiponyoka, lakini mlango wangu haupindwi na mtu! Wakajaribu hata hivyo. Wanaume watatu. Haukutikisika. Nilisikia uchungu na raha kwa pamoja.

Mzee alikuwa amekaa juu ya jiwe, akitazama. Yale macho ndiyo yaliyoniua. Nilijua anapima kama huyu ndiye wa kumpa binti yake.

Zuhura, aliyefika kutoka Nairobi mchana huo huo, ndiye aliyeniokoa. Aliegemeza ngazi ukutani, akajifunga leso kiunoni, akapanda hadi dirisha la mnara na kupotelea ndani. Nikasikia miguu yake ikishuka ngazi. Halafu nikahisi vidole vyake mkononi mwangu, vikasita ghafla.

Sauti ikatoka tunduni, na huo mnara una mwangwi usio na haya.

"Idi, hii si saa ya Kamau?"

Kijiji kizima kilisikia. Nikamtazama mzee, mzee akanitazama. Sikuwa na pa kukimbilia, mnaelewa.

"Ni ya Kamau, baba," nikasema. "Nilitaka unione mtu."

Saa ikavuliwa, mkono ukatoka unateleza kama samaki. Zuhura akafungua kufuli, akatoka akiwa ameuma midomo asicheke. Mzee akainuka. Akausukuma mlango, akaurudisha, akapitisha kidole pale mtaimbo ulipokuwa umeng'ang'ana.

"Saa sikuiangalia sana," akasema. "Nilikuwa naangalia huu. Umemshika aliyeuunda, na wanaume watatu hawakumtoa. Waambie wazee wako waje."

Nililia kidogo. (Ni mafuta ya nazi yaliingia machoni, na atakayesema vingine tutakosana.)

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mlango hauna hata mkwaruzo. Saa yako, Kamau, ina mkwaruzo mmoja mrefu, na nimeshasikia umeanza kucheka. Ukicheka tena, kamata ngazi uje kuitafuta ndani ya mnara.