Bastola Inayopiga Juu

Temeke,
14 Agosti 1974

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Ulinzi ya Duka letu la Ushirika,

Nakuandikia kwa heshima ambayo Kamati yako haikunipa Jumapili iliyopita. Kwa miaka kumi na mmoja nimelinda duka hili kwa bastola yangu yenye kibali, niliyoachiwa na karani mkuu wa mashamba ya karanga Nachingwea, mwaka ule mashamba yalipokufa nasi tukatawanyika. Siku hiyo mlinipima: risasi sita, hatua kumi na tano, kopo la maziwa juu ya kisiki. Sikuligusa. Mkaamua kwamba Jumamosi mtampa ulinzi mkufunzi wenu wa mgambo, Ndugu Theonest, nami niwakabidhi bastola, mnipe filimbi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bastola hii haina kilengeo cha kuzungushwa kwa bisibisi. Ncha ya mbele imeganda juu ya mtutu kama katibu kwenye kiti. Nyuma ni mfuo tu uliochongwa kwenye chuma. Risasi hupita shubiri moja juu ya pale unapolenga. Ukitaka kifua, lenga mkanda. Theonest alinikataza, akisema, "Mzee, lenga unachotaka kupiga." Ndiyo elimu ya mtu aliyezoea bunduki ya serikali.

2. Risasi hizi ndogo, zinazogongwa kwenye ukingo wa kitako badala ya katikati, zina tabia zake. Mlininunulia aina nisiyoijua kwa kuwa ndiyo iliyopatikana mjini. Mbili hazikulia kabisa. Theonest akauliza kama hii ni bastola au kiberiti, na Tabu muuza maandazi akacheka hadi akakaa chini.

3. Kopo lilikuwa fupi. Lingeongezwa shubiri moja, risasi nne zingeliingia. Nilipoeleza hivyo Kamati ilinyamaza, nami nikahesabu kuwa mmekubali.

4. Kwa kuwa bastola hairekebishiki na kulenga chini nimekatazwa, basi arekebishwe mwizi. Naomba azimio kwamba mwizi yeyote, nikishamlenga, apande juu ya kreti la soda, aifuate risasi ilipo. Mwaka huu tunahamisha vijiji vizima. Kumpandisha mtu mmoja kwenye kreti kutatushinda?

Kunipa filimbi ni kumwadhibu mlinzi kwa kosa la kiwanda. Siombi huruma, naomba kazi yangu. Kwetu sikurudi tena, na hapa mjini najulikana kwa mlango ule tu.

Nisalimie wajumbe wote, na akina mama wa foleni ya sukari. Theonest naye aliniamkia juzi nisiitikie, mwambie marahaba.

Ni mimi, ambaye bado nimesimama mlangoni penu,
Leodegar Chilumba

Nyongeza: Nimemsomea mke wangu Bernadeta barua hii. Amenikumbusha kuwa ile ncha ya mbele niliipunguza mwenyewe kwa tupa mwaka 1963, kwa sababu ilikuwa ikichana mfuko wa koti, naye alishachoka kushona. Ndiyo maana inapiga juu. Jumamosi bastola ataileta yeye. Mimi naona haya.