Malalamiko Kuhusu Mahali Anapoishia Marehemu Gathogo

Gakindu, Mukurweini
Jumatatu, 12 Mei 2025

Kwa Bwana Farid,
Mwenye Studio ya Picha,
Nyeri Mjini.

Bwana Farid mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na binti yako Safa, ambaye alinipa chai ingawa aliona wazi kwamba nimekuja kugomba.

Mimi ni Wakiuru, mjane wa Gathogo, yule wa picha ya koti la kijivu. Jumamosi hii tunatimiza mwaka mmoja tangu tumzike, na siku hiyo tutaweka jiwe lenye picha yake kaburini. Fundi wa mawe anaitaka picha Alhamisi, tena anataka mtu peke yake, bila kitu nyuma. Ndiyo maana nilimwomba Safa amtenge Gathogo na ukungu wa asubuhi ile kwenye kiwanda cha kahawa. Nina malalamiko manne, na ninayaandika kwa heshima.

1. Safa alinionyesha kwamba kompyuta huchora mstari kutoka kwenye ukungu hadi kwa mume wangu, ikipima mwanga nukta kwa nukta. Ukungu ni 210, koti ni 70. Akaiambia ikate pale mwanga unapofika nusu ya safari kati ya hizo mbili, yaani 140. Bega la kushoto la Gathogo likaondoka karibu lote. Bwana Farid, hilo ndilo bega lililobeba magunia ya kahawa kwa miaka thelathini. Lilikuwa pana, na laini kidogo pembeni, ndivyo ninavyolikumbuka. Sijawahi kusikia mtu akiishia nusu.

2. Nilipolalamika, Safa hakukasirika. Alisema ipo njia nyingine: ukingo uwe pale mwanga unapobadilika kwa ghafla kuliko kwingine kote. Basi katika mstari ule wote, badiliko la ghafla zaidi lilikuwa kati ya kola nyeupe na shingo. Kompyuta ikatupa koti, shati na tai, ikabakiza kichwa na shingo. Gathogo alikuwa mzee wa kanisa. Hata akipalilia juani alifunga vifungo vyote. Siwezi kumpeleka hivyo mbele ya mchungaji.

3. Njia ya tatu ilikuwa kulainisha kwanza, kila nukta ichanganywe na jirani zake, ili madoa madogomadogo yasidhaniwe kuwa ukingo. Doa lenyewe lilikuwa pengo la kofia yake, mahali ambapo mbuzi alitafuna siku tuliyopokea wageni walioleta ruracio, mahari ya binti yetu Wendy. Alikataa kununua kofia nyingine, akisema mbuzi ameshaitia sahihi. Sasa kofia ni nzima kama ya mgombea kiti. Watu watauliza tunamkumbuka nani.

4. Jambo hili limeshatoka studio. Nilimweleza shemeji yangu Wambugu haya yote kwa huzuni, naye akaipenda sana ile njia ya kwanza. Jana alisimama mpakani mwa shamba langu na lake akaniambia kwamba kahawa yangu ni ya kijani na yake ni ya manjano, kwa hiyo mpaka wa kweli upo pale rangi inapofika nusu. Kwa hesabu yake hapo ni mlangoni pa jiko langu. Nilimshauri atie mbolea.

Kwa sababu hizo, naomba studio iache njia zote tatu na itumie ya nne: ukingo wa marehemu uwe pale mjane wake anaposema. Kompyuta iwekewe kitufe cha mjane. Pasipo mjane, aulizwe aliyemfulia nguo. Serikali nayo itunge sheria kwamba mashine isiamue mtu anaishia wapi kabla ya kula naye chakula. Nimelala kando ya mtu huyo miaka thelathini na minane. Ninajua anapoishia kuliko hiyo 140.

Nisalimie Mama Safa na majirani wote wa hapo dukani. Wendy anawasalimu. Wambugu sijamwuliza.

Wako kwa heshima,
Wakiuru wa Gathogo

N.B. Nilikuwa ninafunga bahasha Wendy alipofika. Alikuwa na ile picha kwenye simu, akaikuza, kisha akasema, "Mami, hiyo si bega ya baba. Hiyo ni mkono yako." Ni kweli. Siku ile nilisimama kando yake na sweta ya kijivu iliyopauka kuliko koti lake, nimemshika begani. Picha ilipokataa kuingia kwenye fremu, nilijikata mwenyewe kwa mkasi wa kushonea, nikausahau mkono. Kwa hiyo kompyuta ilisema kweli mara ya kwanza: yeye anaishia pale, na baada yake ni mimi. Mwambie Safa atumie ile ya 140, na kofia asiilainishe. Ila mkono, kama fundi wa mawe hatakataa, auache ulipo. Na Jumamosi, huko mlipo, mnikumbuke.