Friji ya Bibi wa London

Leo nimeaibika mbele ya Sista. Nawaambia mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine.

Mnajua nauza kwenye duka la vitu vya umeme hapa Ilomba. Ukutani tumeandika kwa rangi nyekundu: USED FROM UK. Kila kitu mle ndani ni used from UK, hadi stuli ninayokalia. (Niliiona ikichongwa hapo nyuma.) Asubuhi bosi aliniambia, "Gwe, wiki ya tatu hii hujauza hata pasi. Leo ikipita hivi hivi, kesho usije." Hakuwa anatania.

Saa nne akaingia Sista mmoja, mtu mzima, kavaa sweta juu ya mavazi ya kitawa. Shirika lao limefungua hosteli ya wasichana hapa mjini, anataka friji tatu. Tatu! Nikamwamkia "Tumsifu Yesu Kristo" kwa sauti nzito kama padri. (Mimi ni Mlutheri.)

"Milele amina," akajibu, kasimama mbele ya friji moja kubwa nyeupe. "Hii imetoka wapi?"

"Used from UK, Sista."

"UK sehemu gani?"

Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza hivyo. "London," nikasema. "Ilikuwa ya bibi mmoja wa kizungu."

"Ehee."

Hiyo "ehee" ndiyo iliyoniponza. Nikaona kanogewa, nikaongeza. Bibi hakuolewa. Hana mtoto. Mtu wa sala, saa kumi na moja alfajiri yuko macho. Kwenye friji alikuwa akiweka maziwa na dawa tu.

"Alikuwa mpole?"

"Sana, Sista! Ila uongo hapendi kabisa." (Hii hata sijui niliitoa wapi.)

Nikaifungua aone ndani. Kuja kufunga, mlango ukagoma. Nikausukuma, ukarudi. Nikauegemea kwa mgongo huku natabasamu. "Teknolojia ya wenzetu hii, Sista. Inataka kuzoeleka."

Sista akanisogeza pembeni taratibu. Akaunyanyua mlango kidogo, akaupiga goti chini kushoto. Ta! Ukafunga.

Akakung'uta vumbi gotini.

"Miaka kumi na moja naufunga hivyo," akasema. "Tulimuuzia dalali mwezi wa pili, kule kwetu Iringa. Huyo bibi umemweleza vizuri sana, mwanangu. Ila London sijafika."

Nilitamani niingie kwenye friji nijifungie. Nikamtafuta bosi kwa macho anisaidie. Bosi kaweka mkono sikioni, anaongea na simu, anatoka nje kwa haraka. (Simu yake ilikuwa mezani inachajiwa.)

"Na hizi nyingine?" Sista akauliza.

"Sista, kusema kweli sijui zimetoka wapi."

"Haya. Hilo nalisadiki." Akaniaga vizuri tu, bila hasira, akavuka barabara kwenda duka la pili. Huko nikamwona anachagua. Friji tatu.

Nawaandikia nikiwa juu ya ngazi, nimeambiwa niyafute yale maandishi kwa msasa. Bosi anasema nikimaliza tutaongea. Mkitaka kucheka, chekeni kimyakimya. Na kama kesho nitakuwa bado na kazi, mteja akiniuliza friji imetoka wapi, nitamuuliza kwanza yeye katoka wapi.