Sukari Isishuke Kabla ya Jumamosi

Jumapili, 3 Mei

Muujiza! Nimesoma gazeti bila miwani. Mimi, Awang Kechik, mwenye miaka sitini na mmoja! Maua ya karatasi ya tiara yangu nayakata kama nilipokuwa kijana. Miwani nimempelekea Deraman, mpinzani wangu wa miaka yote, nikamwambia wazee husaidiwa. Akanuna. Raha iliyoje! Mke wangu, Mek Nab, kaniuliza mbona jana niliusalimia mpapai nikidhani ni imamu. Wivu huo.

Jumanne, 5 Mei

Zahanati. Misi Rohani, muuguzi, kanigombeza. Eti sukari imepanda mno, lenzi za macho zimevimba, ndiyo maana karibu naona na mbali sioni. Ikishuka, na huo uoni wa karibu utaondoka. Kataka nirudi Alhamisi nipigwe picha nyuma ya jicho, maana kisukari huanza kuharibu huko kimyakimya.

Nimemsikia vizuri sana. Sukari isishuke kabla ya mashindano ya kurusha tiara Jumamosi! Nimekula akok sita, vijikeki vya mayai vilivyoshiba sukari ya mnazi. Kiu haikatiki.

Alhamisi, 7 Mei

Sikwenda. Picha itangoja, tiara haingoji. Ua la mwisho limekaa kwenye bawa. Sijawahi kukata zuri kama hili, nimelia. Mek Nab kadhani ni toba, kaniletea chai isiyo na sukari. Nimeumwagilia mpapai.

Jumamosi, 9 Mei

Balaa. Tiara yangu ilipaa, mbingu ikaimeza. Ukungu mtupu. Zote zinavuma, ipi yangu? Kamba ilikaza mkononi, nikachagua iliyo juu kabisa, nikaishangilia, nikarukaruka, nikamzomea Deraman. Mek Nab akaniambia polepole: "Baba Hasnah, hiyo ni ya Deraman. Yako imenasa mnazini zamani."

Alikuwa hatua nne kutoka kwangu. Uso wake sikuuona. Sauti yake tu ndiyo iliyonijulisha kwamba analia. Miaka thelathini na minane nautazama uso ule! Nimeogopa. Nimeogopa sana.

Jumatatu, 11 Mei

Nimepigwa picha. Kuna nukta za damu nyuma ya jicho, bado chache. Misi Rohani kasema zinaweza kuzuiwa zisizidi nikishusha sukari. Miwani mpya nisinunue mpaka macho yatulie, wiki kadhaa. Nimeapa mbele ya Mek Nab. Kakusanya makopo yote ya maziwa matamu, kayagawa kwa jirani. Jirani gani? Deraman!

Jumanne, 12 Mei

Wiki kadhaa? Nani atangoja? Nimekwenda mjini kununua miwani. Niliporudi nimeuona uso wa Mek Nab tangu langoni, kila kunyanzi. Nimejifuta macho. Kaniuliza nina nini, nikasema vumbi.

Ila muuza miwani kanionya: imepimwa kwa macho ya leo, sukari ikishuka haitanifaa tena.

Basi njia ni moja. Nimekula akok mbili nyuma ya jiko, nisije nikaupoteza tena uso wake.