Kigoda Mbele ya Cassien

Jumanne, 11 Februari 1992

Leo asubuhi nimepoteza kigoda changu mbele ya Cassien. Saa nne na robo, baada ya uji, kabla ya mazoezi ya mabega. Naandika saa ili baadaye pasiwe na ubishi.

Kigoda ni changu tangu Kituo cha Wazee kifunguliwe hapa Remera, nyuma ya parokia. Kila siku uji wa mtama. Kila siku mazoezi. Kila siku bao na Cassien. Bao letu la hapa, igisoro: mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne, na kila kete tunaiita ng'ombe. Tangu mwaka uanze nimemshinda mara kumi na tisa, yeye amenishinda kumi na sita. Mwenyewe anadai kumi na nane. Alikuwa tarishi wa posta maisha yake yote, hesabu yake inaishia kwenye stempu.

Leo nafika, kwenye kigoda kuna mama. Anaitwa Pudentienne. Mwembamba, shali ya kijivu, macho kwenye kete. Nikamsalimu. Hakuitikia. Nikamsalimu kwa sauti niliyokuwa naitumia gerejini kwangu wakati lori linanguruma. Kimya. Majivuno ya namna hiyo sijawahi kuyaona kwa mtu aliyekalia kigoda cha mwingine.

Cassien, bila hata kuinua kichwa, akaniambia, yewe Silvère, leo pumzika, tutacheza siku nyingine. Siku nyingine! Kama tumekutana jana.

Masera Générose, mtawa anayeongoza Kituo, akanishika kiwiko akanipeleka kwenye mazoezi. Chupa mbili za mchanga, juu, chini, mara ishirini. Nilifanya thelathini na mbili kwa hasira. Nikamkumbusha kwamba nyumbani kwetu zamani wanawake hawakucheza igisoro. Akanijibu kwamba nyumbani kwetu zamani wanaume hawakunyanyua chupa za mchanga, na mimi nanyanyua vizuri sana.

Si upweke. Niandike hilo wazi. Ni haki.

Jumatano, 12 Februari

Nilianza maisha na pampu moja ya mkono na sanduku la viraka, pembeni mwa barabara. Nikamaliza na gereji ya malori yenye vijana tisa. Mtu kama huyo hanyang'anywi kigoda.

Mpango: kuwahi. Saa moja kasoro nilikuwa mlangoni, kabla hata Masera hajatoka misa. Mlango ulipofunguliwa nikaingia, nikakaa, nikapanga kete nne nne. Nikangoja. Mapaja yakafa ganzi. Saa tatu Cassien akaingia na mama yule. Akaniangalia, akatabasamu, akachukua ubao na kete zake zote, akaenda kuuweka barazani kwenye benchi. Nikabaki na kigoda.

Nikamfuata nikamuuliza maana yake nini. Akasema mama anapenda jua. Nikamuuliza amejuaje, mama mwenyewe hasemi. Akasema mtu akipenda jua huonekana. Huyu ndiye Cassien ambaye aliwahi kukosa kuona kwamba ninaumwa jino mpaka shavu likawa kama chungu.

Sawa. Lakini ubao ni wangu. Niliuchonga mwenyewe kwa mbao za sanduku lililoleta gia kutoka Mombasa, upande wa chini maandishi bado yanasomeka. Jioni nimerudi nao nyumbani chini ya koti. Masera aliniona nikitembea wima kama askari akaniuliza kama mgongo unauma. Nikasema kidogo. Akasema ihangane, yaani vumilia, kesho muuguzi atautazama.

Ubao uko hapa mezani. Nimejaribu kucheza peke yangu, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Wa kushoto una ujanja mbaya.

Alhamisi, 13 Februari

Wamechimba.

Nimefika nikakuta Cassien amepiga magoti uani akitoboa ardhi kwa kijiko cha supu. Mistari minne, mashimo manane kila mstari, kama tulivyofanya utotoni tukichunga. Mama Pudentienne anasawazisha kingo kwa kidole gumba. Kete ni mawe madogo. Mzee mmoja akaleta kiti kuangalia, akaja wa pili, saa nne Kituo kizima kilikuwa uani kimezunguka shimo. Wengine ambao huwa wanasinzia mpaka chakula cha mchana walikuwa wanabishana hatua gani ilifaa. Masera amefurahi mno. Amesema amehangaika mwezi mzima kuwatoa ndani wapate jua. Akauliza aliyeficha ubao ni nani ili amshukuru. Nikaenda kumalizia uji wangu.

Alhamisi ni siku ya muuguzi. Anaitwa Umuhoza, ana mikono baridi. Presha ya Cassien imeshuka, kumi na tatu kwa nane. Yangu imepanda, kumi na saba kwa kumi. Akaniuliza ninalala vipi. Vizuri. Ninakula nini. Maharage. Ninakula na nani. Nikasema na redio. Akaandika jambo refu kuliko jibu langu.

Jioni redio ilikuwa na habari za vita vya kaskazini. Nikaizima. Nikala bila mtu.

Ijumaa, 14 Februari

Leo sikwenda. Ni mpango, na huu ni wa kitaalamu.

Kituo kina sheria ya Masera: mzee asipoonekana siku mbili bila taarifa, anatembelewa. Hufungwa Jumapili tu. Kwa hiyo nikikosa Ijumaa na Jumamosi, Jumapili baada ya misa wanakuja. Nani anakuja? Anayekaa karibu zaidi. Nani anakaa karibu zaidi? Cassien, njia moja, kona mbili. Atakuja peke yake na kikapu. Atanikuta kitandani, dhaifu. Atakaa ukingoni. Nitamwambia kwa sauti ndogo kwamba kitu pekee kinachoweza kunisaidia ni mchezo mmoja, na ubao, kwa bahati, uko hapa mezani.

Nimefunga madirisha. Nimelala.

Ni vigumu kulala mchana ukiwa mzima.

Jumamosi, 15 Februari

Bado ninaumwa. Jirani yangu Alida aligonga mlango mara mbili kuuliza kama niko salama, kwa sababu hajaona moshi jikoni. Nilikohoa. Akasema komera, muzehe, jikaze, akaondoka haraka. Kikohozi kizuri. Atakisambaza.

Tatizo ni njaa. Tangu mke wangu Kanyange afariki, mwaka wa tatu sasa, napika sufuria moja ya kunitosha siku nne, na hii imeisha. Kupika kunatoa moshi. Nimekula ndizi mbichi nusu. Nusu nyingine imebaki ilipo.

Nimefikiri kama Cassien angeweza kuja leo bila kungoja sheria. Rafiki wa kweli hangoji sheria. Nimemsubiri mpaka jua limezama. Nampa nafasi moja tu, ya kesho.

Jumapili, 16 Februari

Nitaandika polepole.

Asubuhi njaa ilinishinda. Nikasema watu wako misani, moshi hautaonekana. Nikakaanga vitunguu viwili na nyama kidogo niliyokuwa nimeitunza. Nimeshika kijiko, nasikia nyimbo njiani. Watu wengi. Nikaruka kitandani na sahani yangu, nikaifunika kwa blanketi.

Hakuja Cassien na kikapu. Walikuja kumi na moja, na ingobyi. Ile machela ya kusuka yenye miti mirefu, ambayo jumuiya hutumia kubeba wagonjwa kutoka mabondeni. Alida alikuwa amewaambia kwamba moshi hakuna, kikohozi kipo, na kwamba sauti yangu imeshaanza kusikika kama ya mtu anayeaga.

Masera akaniwekea mkono kwenye paji. Mimi nikafumba macho. Kila mtu akanyamaza, ile heshima ya chumba cha mgonjwa. Na katika kimya hicho Mama Pudentienne, ambaye sikuwahi kusikia hata pumzi yake, akasema waziwazi:

"Huyu mgonjwa ananuka vitunguu."

Nilingoja wacheke. Hawakucheka. Masera alikaa chini palepale sakafuni akaanza kulia. Cassien akavua kofia. Wanawake wakamkumbatia mama yule mmoja baada ya mwingine, wengine wanasema asante Mungu, na hakuna hata mtu mmoja aliyenitazama. Mchuzi ulikuwa unaingia kwenye godoro. Nikakohoa. Hakuna.

Baadaye walinikumbuka. Nikasema nimepata nafuu. Lakini wenye ingobyi hawapendi kabisa kuirudisha tupu, wanasema ikirudi tupu watu njiani huvua kofia wakidhani kuna msiba. Wakanipakia. Wanaume wanne, mlima mzima mpaka zahanati, na wanawake nyuma wakiimba. Nililala chali nikajumlisha umri wa walionibeba: miaka mia mbili sabini na nne. Zahanati ilikuwa imefungwa. Wakanibeba mpaka Kituoni, wakanipa uji.

Cassien alikuwa ameshika mti wa mbele, kushoto. Goti lake bovu nalijua. Tulipopumzika pale kwenye mikaratusi akainama karibu na sikio langu akaniambia yote. Mama Pudentienne amekimbia vita kutoka kaskazini, upande wa Byumba, kabla ya Noeli, na mjukuu mmoja tu. Wengine hawajulikani walipo. Tangu afike kwa binti yake hapa Remera hakuwa amesema neno, na chakula anakigeuza tu kwenye sahani. Masera alijaribu nyimbo, alijaribu ushonaji, alijaribu rozari. Siku moja akamwona anatazama ubao wetu na vidole vinatembea mapajani, vinahesabu. Kumbe alijifunza igisoro kwa kaka zake, akijificha. Ndipo Masera akamwomba Cassien acheze naye kila siku, bila kumlazimisha kusema. Jumatano alimaliza bakuli la uji. Alhamisi mawili.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, ningekuambia, Silvère, ungetaka kuwa mwamuzi, ungemhesabia makosa kwa sauti.

Nikatazama matawi. Nikamwambia abadilishane na mtu, goti lake linatetemeka. Akakataa. Akasema mimi ni mzito kuliko ninavyoonekana, lakini atanifikisha.

Jumatatu, 17 Februari

Nimerudisha ubao. Nimesema niliutoa kuupaka mafuta. Masera amesema unang'aa kweli. Haung'ai.

Mama Pudentienne alikuwa na blanketi langu. Alilichukua jana bila kuniuliza, amelifua, limekauka, limekunjwa kwa pembe nne sawasawa. Akanikabidhi. Akasema vitunguu vimetoka, nyama bado kidogo. Nikamshukuru. Nakiri lilinigusa. Halafu nikafikiri: hii ni mbinu, anataka nilegee.

Cassien akapendekeza tucheze watatu kwa zamu, anayeshindwa anampisha mwenzake. Nikakubali, kwa moyo safi, nimejifunza. Nikacheza na mama kwanza. Alininyang'anya ng'ombe wangu wote kabla uji haujapoa. Wazee wakapiga makofi. Nikampisha Cassien. Naye akashindwa, nikacheza na mama tena. Nikampisha tena. Kwa asubuhi nzima nilikalia kigoda changu kwa jumla ya robo saa, muda mwingine wote nilikuwa nimesimama nimeshika blanketi.

Saa sita akaomba chumvi. Akamuuliza Alida, aliyekuja kuniangalia, bei ya maharage soko la Kimironko. Akamwambia Cassien anapumua kama mbuzi. Anasema kila kitu sasa, mama yule. Yuko mzima. Nafurahi, namaanisha. Nilimwona mjukuu wake amekuja kumchukua, akasikia bibi anamwita kwa jina, akasimama mlangoni haingii.

Nimetembea kurudi nyumbani nikifikiri, na sasa naelewa jinsi Kituo kinavyofanya kazi. Ni rahisi, sijui kwa nini sikuona mapema. Mtu anayeshindwa anaachwa asimame na blanketi. Mtu anayenung'unika anapewa chupa za mchanga. Mtu anayejilaza kitandani anapata wanaume wanne na zahanati iliyofungwa. Lakini mtu anayenyamaza anapewa Cassien, kila siku, asubuhi nzima, kwa agizo la Masera.

Kwa hiyo nitanyamaza. Kesho. Sitasema neno kwa mtu yeyote, nitageuza uji kwenye bakuli, nitatembeza vidole mapajani. Nimeshajaribu mbele ya kioo. Uso unafaa sana.

Ila kwanza niwe mwadilifu, nimpe Cassien nafasi ya kunizuia. Nitamfuata asubuhi akiwa bado anavua koti na kumuuliza swali moja: kigoda kilicho mbele yake ni cha nani, changu au cha mama? Sitaki kuambiwa siku nyingine. Sitaki kuambiwa mama anapenda jua. Sitaki tabasamu. Nataka neno moja, changu au chake, na nalitaka kabla ya saa nne kamili, kwa sababu baada ya hapo hata nikitaka kumwuliza tena sitaweza.