Simu ya Marehemu Mzee Kondo

Jumanne, 9 Septemba

Nimepata njia! Kimara nzima haina kichwa kama hiki.

Shida yangu inajulikana. Namtaka Rukaiya, Rukaiya ananitaka, na mama yake, Bi Mwajabu, hana neno. Ila hataki kumwoza mtoto kwa uamuzi wake peke yake. Anasema mumewe, Mzee Kondo, alifariki bila kusema amemkubali nani, mie au Pazi. Pazi! Fundi wa ving'amuzi, anayeshinda juu ya mabati ya watu!

Leo nimekwenda kusalimia. Sebuleni ipo simu ya mezani ya marehemu, ile ya kuzungusha kwa kidole, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Laini ilikatwa zamani. Bi Mwajabu huifuta vumbi kila asubuhi, na huisalimia. Nikamwambia simu ile inaweza kufufuka. Nitaiunga kwenye intaneti kwa adapta, bure, kama mwana. Akalia. Pazi naye alikuwepo, akauliza adapta ndiyo nini. Nikamjibu haipandiwi ngazi.

Jumatano, 10 Septemba

Kazi imenitoa jasho. Adapta yenyewe ni kidubwasha kama kipande cha sabuni. Waya mmoja unatoka kwenye ruta ya Rukaiya, mwingine unaingia kwenye simu. Kisha unafungua ukurasa wake kwenye laptop, unajaza namba mpya, nywila na anwani ya kampuni ya simu za intaneti. Taa ikagoma kuwaka. Nikajaza tena. Ikagoma. Nikaomba chai nisionekane nimekwama. Kumbe nilikuwa naandika nywila ya barua pepe yangu! Taa ya kijani!

Nikaipigia kwa simu yangu ya mkononi. Kengele ikalia, kengele ya chuma kabisa. Bi Mwajabu akajifunga kanga vizuri kabla ya kupokea. Mwili ukanisisimka kidogo.

Kasoro moja. Adapta haikielewi kile kisahani cha kuzungusha. Simu inapokea tu, kupiga haiwezi. Bora! Marehemu atasema, wala hatapigiwa kuulizwa.

Nikaenda kwa Gaudens. Huyu ni Mnyamwezi, mtani wa Mzee Kondo, maana Wazaramo na Wanyamwezi hutaniana mpaka makaburini. Siku ya msiba alivaa kanzu ya marehemu, akachechemea kama yeye, akauliza kwa sauti yake kwa nini wali umepikwa mchache. Watu walicheka huku wanalia. Bi Mwajabu alimmiminia chai.

Nimemwomba apige Ijumaa baada ya swala, aseme kwa sauti ileile: mpeni Twalib. Akakataa. Eti mtani humwigiza marehemu mbele za watu, na kila mtu anajua ni yeye. Ukijificha, huo si utani tena, ni uchawi. Nikamwahidi jogoo. Akakubali.

Ijumaa, 12 Septemba

Sijui niandikeje.

Tulikaa sebuleni, Pazi akiwemo, maana penye pilau hakosi. Simu ikalia. Bi Mwajabu akanyanyua mkonga. Akasema abee. Akasikiliza. Akasema abee tena, kwa sauti ya mwanamke kijana, ambayo sijawahi kumsikia nayo. Rukaiya akaniangalia. Mie nikaangalia zulia.

Akaurudisha mkonga taratibu. Akasema Baba Rukaiya anauliza kwa nini anayemtaka binti yake haji mwenyewe, anamtuma Mnyamwezi.

Gaudens msaliti! Nikatoka mbio hadi kwake. Mkewe, Apolonia, akaniambia mumewe amefiwa na shangazi, ameondoka alfajiri kwa basi la Tabora kutoka Mbezi Luis. Haraka ikamfanya asahau simu. Akanionyesha, iko juu ya kabati, imezimika, haina chaji.

Nikaomba kukaa.

Jumapili, 14 Septemba

Hofu ni adui wa maendeleo. Nimeamua ile ilikuwa hitilafu ya mitambo tu. Nikamwambia Bi Mwajabu naichukua adapta nikaisafishe, nikarudi nayo chumbani kwangu. Kwake ikabaki simu na waya unaoning'inia.

Nikaiweka adapta kitandani. Haina umeme, haina waya. Simu yangu ikaita. Namba ni ileile niliyoijaza kwa mkono wangu, ya simu isiyoweza kupiga. Nikapokea. Nikasikia kijiko kinakoroga kikombe, bila haraka. Mtu akakohoa. Nikasema shikamoo, ilinitoka tu. Akajibu marahaba. Akasema nirudishe kitu cha watu.

Nimerudisha kabla chakula cha mchana hakijaiva. Bi Mwajabu alikuwa mlangoni ananisubiri. Akasema Baba Rukaiya alishamwambia kuwa ninakuja. Niliogopa kumuuliza amemwambia kwa njia gani. Akaongeza, kwa upole, kwamba kesho kutwa mzee atatoa jibu la posa, na atakalosema ndilo. Hilo nikaliogopa zaidi. Nampenda Rukaiya. Nikimkosa nahama Kimara.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeona nimpigie marehemu mwenyewe, nijieleze. Bi Mwajabu na Rukaiya wamekwenda kwenye khitma Gongo la Mboto. Nimepita kwao, kufuli nimeliona kwa macho yangu. Nikapiga. Inatumika! Nikangoja, nikapiga tena. Inatumika!

Nani anaongea na nani, na nyumba imefungwa? Nywele zikanisimama. Nikarudi barabarani, nikamwona Pazi nje ya kibanda chake, amevaa kanzu siku ya kazi, simu sikioni, ameinamisha kichwa. Anasema ndiyo baba. Anasema naam baba. Baba! Mie bado niko kwenye mzee, yeye keshafika kwenye baba!

Hofu yote ikaniisha, ikabaki hasira. Nimetoa jasho kuiunga simu ile, halafu mpanda mabati anipiku kwa marehemu! Basi nimepata mpango mpya, na huu hauna kasoro. Pazi huongelea puani. Nitampigia marehemu kwa sauti ya Pazi, nimtukane matusi ya nguoni. Tuone kama ataozeshwa.

Tangu nirudi nafanya mazoezi, nimejibana pua. Inakuja vizuri.

Simu inaita. Ni namba ya mzee. Acha iite kwanza, matusi mawili bado hayajakaa sawa.